Siku tisa Marekani kwa mshahara wa Kabianga

Kila nishukapo Mombasa wakati wa likizo, swali la kwanza barazani si hali ya kazi wala bei ya majani chai. Ni hili: "Wewe mwalimu wa huko juu, Marekani ulifikaje?" Watu wanamwona mtu anayefundisha Chuo Kikuu cha Kabianga, katikati ya mashamba ya chai ya Kericho, mshahara wake wa kawaida, hana hata binamu mmoja ng'ambo, halafu amekwenda kutembea siku tisa New York, Washington na Chicago, akarudi. Wengine hilo neno la mwisho hawaliamini kabisa.

Sasa wenzangu watatu wa chama chetu hapa Kabianga wanataka kwenda safari hiyo hiyo mwezi wa Septemba, na kazi ya kuipanga nimepewa mimi. Wawili ni Wakipsigis wa hapa hapa, mmoja ni mwenzetu kutoka Kisauni. Nimegundua kwamba maswali ya milimani na maswali ya Pwani ni yale yale: viza, pesa, na tutakula nini. Basi nayajibu hapa kwa pamoja.

Najua kuna atakayesema pesa hizo ziende Umra. Namuunga mkono. Ambaye hajaenda, na uwezo wake ni wa safari moja tu maishani, aanze na Makka. Haya ninayoandika ni ya yule aliyekwisha kupima mambo yake na bado anataka kuiona miji mikubwa ya Marekani kwa macho yake.

Tuanze na viza, maana bila hiyo mengine yote ni hadithi. Mkenya anayekwenda kutembea anaomba viza ya aina ya B1/B2. Anajaza fomu ya DS-160 kwenye intaneti, analipa ada ya dola 185, ambayo ni karibu shilingi 24,000 zetu, kisha anachukua miadi ya mahojiano katika ubalozi ulioko Gigiri, Nairobi. Ada hiyo hairudi ukinyimwa. Miadi nayo inaweza kuangukia miezi kadhaa mbele, kwa hiyo anayetaka kusafiri Septemba asianze kujaza fomu Agosti. Mwaka 2025 Marekani ilipitisha pia sheria ya ada nyingine ya dola 250 juu ya ile ya kwanza, kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu angalia tovuti ya ubalozi uone unachotakiwa kulipa siku hiyo.

Fomu ni ndefu na inauliza mengi: kazi, wazazi, safari ulizowahi kufanya, unasafiri na nani, hata majina unayotumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka mitano iliyopita. Jaza mwenyewe, kwa ukweli. Huku kwetu Pwani tumezoea mawakala wa kazi za Ghuba, na wapo wanaoahidi viza ya Marekani kwa mtindo ule ule, laki moja mkononi na maneno matamu. Hakuna wakala anayeweza kukuahidi viza hiyo. Anayeamua ni afisa mmoja aliye nyuma ya kioo, na anaamua kwa dakika chache.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba sheria ya Marekani inamtaka afisa huyo aanze kwa kudhani kwamba wewe unakwenda kuhamia, mpaka umwonyeshe vingine. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini mtu mwenye faili nene la stakabadhi ananyimwa na mwenye maneno matano yaliyonyooka anapewa. Mara nyingi karatasi hata haziangaliwi. Anachotaka kusikia ni nini kinakurudisha nyumbani. Mimi niliulizwa ninafanya kazi gani, nani analipia safari, na kwa nini Chicago. Nilisema nafundisha, nalipia mwenyewe kwa akiba ya miaka mitatu, na Chicago nakwenda kuwaona simba wa Tsavo. Alicheka kidogo, akaandika. Habari za simba hao zinakuja.

Hapa ndipo lilipo jambo lililotuumiza vichwa katika chama. Tulikuwa na mtu wa tano. Kijana mzuri, mchangamfu, hajawahi kukosa mchango hata mwezi mmoja. Jioni moja akaniambia waziwazi, "Mwalimu, mimi nikifika kule sirudi. Nitatafuta kazi yoyote." Sikumlaumu kwa kutaka maisha. Ajira tunaijua ilivyo. Lakini nilimweleza hesabu yake. Tarehe ya kuondoka haiko kwenye viza iliyobandikwa kwenye pasipoti. Iko kwenye rekodi ya kuingia, iitwayo I-94, ambayo unapewa uwanja wa ndege na ambayo kwa mtalii kwa kawaida ni miezi sita. Ukipitisha tarehe hiyo hata kwa siku moja, viza yako imekufa. Ukikaa zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, unafungiwa nje miaka mitatu. Ukipitisha mwaka mmoja, ni miaka kumi. Katika muda huo kazi ni za kujificha, mshahara ni wa mwenye duka anavyotaka, na mzazi akifariki nyumbani unamzika kwa simu.

Kikao kikaamua arudishiwe michango yake yote na atoke katika safari. Mamake alinipigia. "Mwalimu, umemfungia mtoto mlango." Nikamjibu, "Mama, heshima zako zote. Mlango wa kusoma uko wazi, na nikiandikiwa barua ya kumpendekeza nitaiandika kesho. Lakini hawezi kuingia kwa fomu iliyosema uongo pamoja na wenzake watatu waliosema kweli." Alinyamaza, kisha akakata simu. Wapo wanaoniona mgumu. Mimi naona kwamba kila anayesema anakwenda kutembea halafu akapotea, anayelipa ni yule shangazi wa Likoni anayeomba viza mwaka ujao kwenda kuhudhuria mahafali ya mwanawe.

Kanuni nyingine fupi: usinunue tiketi kabla ya viza. Ubalozi wenyewe unashauri hivyo. Unaweza kushika nafasi ya hoteli inayoweza kufutwa bure, basi.

Safari yenyewe, kwa mtu wa Kabianga, inaanza na matatu hadi Kericho, kisha saa tano au sita za barabara hadi Nairobi. Wa Mombasa ana treni yake. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ina ndege inayokwenda moja kwa moja hadi New York, saa 15 hivi angani bila kushuka. Ukipitia Doha, Dubai, Istanbul au Addis Ababa pengine utapata nafuu ya bei, ila unalipa kwa uchovu. Kwa safari ya siku tisa, siku mbili za kusinzia uwanjani ni hasara kubwa. Nunua pia bima ya matibabu ya safari. Mguu ukivunjika New York bila bima, hesabu ya hospitali inaweza kuzidi ya safari nzima.

Majira yana maneno yake. Watu wa Pwani wanaoniona na koti la Kabianga hudhani nimezoea baridi. Baridi ya huku ni ya mvua na umande wa chai, haifanani na Januari ya Chicago ambapo ziwa linaganda. Chagua Septemba. Joto ni la kiasi, na jua New York linazama karibu saa moja usiku, hivyo magharibi haiko mbali na ya nyumbani. Juni jua linazama saa mbili na nusu usiku, na mtu wa ikweta anachanganyikiwa: bado kweupe na tumbo linadai chakula cha usiku. Mwishoni mwa mwaka hali ni kinyume, saa kumi na moja jioni giza limeingia. Wenzangu Wakipsigis walipenda Oktoba kwa sababu ya mbio za marathoni za Chicago, mahali Kelvin Kiptum alipokimbia kwa saa 2, sekunde 35 mwaka 2023. Wanayo haki ya kujivunia. Mimi niliwakumbusha kwamba mwaka 1987 Ibrahim Hussein, Mkalenjin tena Mwislamu, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, kwa hiyo fahari hiyo tunagawana. Lakini wikendi ya marathoni vyumba vya hoteli ni ghali na haba, basi tukabaki na Septemba.

New York tunaipa siku nne. Hoteli za kisiwa cha Manhattan hufika dola 200 kwa usiku na kupita, kabla ya kodi. Lala Queens au ng'ambo ya mto, Jersey City, uingie mjini kwa treni. Nauli ya treni ya chini ya ardhi ni takriban dola 3 popote uendapo, na unagusisha kadi ya benki mlangoni. Sanamu ya Uhuru ina feri yake ya kulipia, lakini kuna feri ya Staten Island, ya bure kabisa, inayopita mbele ya sanamu hiyo usiku na mchana, dakika 25 kwenda. Kwa mtu aliyekulia feri ya Likoni ni raha ya aina yake: feri bure, haina msukumano, na mandhari ya kuwapigia picha watu wa nyumbani.

Kwa chakula New York haina taabu. Mikokoteni ya kuku na wali wa halali iko kila kona ya katikati ya mji. Iliyovuma zaidi ni The Halal Guys, ya Wamisri walioanza mwaka 1990 kwenye makutano ya Barabara ya 53 na ya Sita, wateja wao wengi wakiwa madereva wa teksi Waislamu. Sahani moja inashibisha watu wawili wa kawaida. Ila nikuelekeze mahali pazuri zaidi: Harlem, Barabara ya 116, mtaa wa Wasenegali. Huko utaletewa wali mwekundu na samaki, na mhogo na kabichi pembeni, na utahisi umekaribishwa Lamu na watu wasiojua Kiswahili. Msikiti uitwao kwa jina la Malcolm Shabazz uko barabara hiyo hiyo.

Kuhusu bili, sikiliza vizuri. Bei iliyoandikwa kwenye orodha ya chakula si utakayolipa. New York wanaongeza kodi ya asilimia 8.875, na juu yake ni bakshishi ya mhudumu, asilimia 15 hadi 20. Bakshishi hiyo si hisani kama ya kwetu. Wahudumu wengi mishahara yao ya msingi ni midogo na bakshishi ndiyo riziki yenyewe. Chakula cha dola 20 kinakuwa 21.78 kwa kodi, ukiongeza bakshishi ya dola 4 umetoa 25.78, yaani zaidi ya shilingi 3,300. Ukikosa kulijua hilo, bajeti yako itakwisha siku ya tano. Njia yetu ni mlo mmoja wa kukaa mezani kwa siku, iliyobaki ni mkokoteni na matunda ya dukani.

Chai ni msiba mdogo. Ukiagiza chai mkahawani, hasa wakati wa joto, utaletewa glasi ya chai baridi yenye barafu. Ukisisitiza ya moto, utapewa kikombe cha maji na kipakiti pembeni. Na ukiona ubaoni wameandika neno letu "chai", ni kinywaji cha maziwa, sukari na viungo kinachouzwa ghali, kama cha tangawizi na iliki cha Mwembe Tayari lakini mara kumi ya bei. Wenzangu wa Kabianga, ambao wanaishi ndani ya chai, hili limewasikitisha kuliko habari za ada ya viza.

Washington ni siku mbili, na ndiyo nafuu ya mfuko. Basi kutoka New York ni kama saa nne na nusu. Makumbusho ya Smithsonian hayana kiingilio. Ile ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, iliyofunguliwa Septemba 2016, ni ya bure pia lakini chukua kibali cha saa maalumu kwenye intaneti kabla ya kwenda. Ipo pia ya sanaa ya Afrika, ambako mwaka 2018 kulikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, vingine vya vitu vyake vikiwa vimeazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Jioni panda ngazi za jengo la kumbukumbu ya Lincoln, pale Martin Luther King alipohutubu tarehe 28 Agosti 1963. Ijumaa iko Kituo cha Kiislamu cha Massachusetts Avenue, kilichozinduliwa mwaka 1957.

Chakula cha Washington ni Wahabeshi. Wapo wengi mno, na injera yenye dengu na mboga haina wasiwasi kwa mtu yeyote. Angalizo: Ben's Chili Bowl, mkahawa maarufu wa U Street tangu 1958, ulianzishwa na Ben Ali, Mwislamu kutoka Trinidad, na wengi wetu wakisikia jina hilo wanaketi na kuagiza soseji iliyoufanya mkahawa uvume. Soseji hiyo kwa kawaida ina nyama ya nguruwe. Kwa jumla uliza kila mahali, kwa sababu mafuta ya nguruwe huingia hata kwenye maharage na mboga za majani. Kuuliza si aibu, wamezoea kuulizwa.

Kisha Chicago, siku tatu. Kwa ndege ni saa mbili na nusu hivi, na saa ya huko iko nyuma ya New York kwa saa moja. Kuna jengo la Willis lenye ghorofa 110, na bustani ya Millennium yenye ile sanamu ya chuma inayong'aa kama tone la zebaki, hii bure. Piza yao ni nene kama keki, inachukua muda mrefu kuiva. Agiza ya jibini na mchicha. Biriani iko Devon Avenue, mtaa wa Wapakistani na Wahindi, na naapa utakula kwa mkono bila mtu kukuangalia.

Lakini kilichonipeleka Chicago ni Field Museum, kiingilio takriban dola 30 kwa mgeni. Humo, ndani ya kioo, wamo wale simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli ya kutoka Mombasa mwaka 1898. John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja, aliwaua Desemba mwaka huo, akazifanya ngozi zao mazulia ya nyumbani kwake kwa robo karne, kisha akaiuzia makumbusho hiyo kwa dola 5,000. Ndiyo maana wanaonekana wadogo: walijazwa baada ya ngozi kukatwa na kuchakaa. Ni madume, na hawana manyoya ya shingoni. Patterson alidai waliua watu 135. Wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya mwaka 2009 walikadiria kwamba walikula watu kama 35. Hata 35 ni wengi. Walikuwa vibarua Wahindi na Waafrika ambao wengi wao hatuna majina yao. Kuna sauti humu nchini zinazotaka simba hao warudi, nami nakubaliana nazo. Nilisimama pale karibu saa nzima. Watoto wa shule walikuwa wanapita wakiguna kwa woga wa kufurahi, na mimi nilikuwa nafikiria stesheni ya Tsavo ninayoipita kila nikishuka nyumbani.

Na ukiwa katika makumbusho yoyote Marekani, angalia kama kuna vigango. Watu wa Kilifi hawahitaji kuelezwa: ni nguzo za kumbukumbu za wazee wa Gohu wa Mijikenda, na mamia yaliibwa makayani na makwao, hasa miaka ya 1970 na 1980, yakauzwa kwa wakusanyaji wa sanaa. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kilifi kwa familia iliyoibiwa, kimoja kutoka makumbusho ya jimbo hilo hilo la Illinois na kingine kutoka Chuo Kikuu cha Hampton. Makumbusho ya Denver nayo ilirudisha 30. Vile viwili vya Kilifi vilirudi kwa sababu watafiti walivitambua kutoka picha zilizopigwa hapa. Ukikiona kimoja, piga picha, andika namba yake na jina la jengo, na uipeleke taarifa kwa Makumbusho ya Taifa. Hiyo peke yake inaweza kulipa nauli yako.

Mizigo iwe michache. Umeme wao ni wa volti 120 na tundu la plagi ni la ncha mbili bapa, nunua adapta Nairobi. Chai ya Kericho iliyofungwa dukani na halua ya Mombasa hupita ukizitangaza kwenye forodha. Maembe, nyama na sambusa za mama, hapana, na ukizificha unatozwa faini.

Wenzangu wana miadi Gigiri Jumanne ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi. Viti vya matatu ya Jumatatu kutoka Kericho tumelipia. Yule wa Kisauni ananiuliza kila siku kama avae buibui au suti, nami namwambia avae kama avaavyo kazini. Tiketi za ndege hatujanunua.